Vidonge Ishirini na Vinane

Kwa karibu mwezi mzima nililala vibaya kwa sababu ya vidonge ishirini na vinane ambavyo sikujua ni nani anavimeza.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila mgonjwa katika utafiti wetu alipewa kichupa chenye vidonge thelathini na vinne. Ishirini na vinane vilikuwa vya kumeza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na sita vilikuwa vya akiba, endapo mvua ingeharibu njia tusifike siku yetu. Mtu asiyekosa dozi hata moja alirudisha kichupa kikiwa na vidonge sita. Lakini watu husahau. Kutoka vijiji vingine vichupa vilirudi na saba, na tisa, na mara moja kimoja kilirudi na kumi na tisa, cha mama aliyekwenda msibani Horohoro akaacha kichupa chake dirishani. Wagonjwa saba wa kambi niliyopangiwa mimi walirudisha viwili viwili. Wote saba. Mara ya kwanza nikasema ni bahati. Mara ya pili vilirudi viwili viwili tena. Mara ya tatu nilivimimina mezani pale zahanati, nikavihesabu kwa ncha ya kalamu, kisha nikavihesabu upya nikianzia kichupa cha mwisho, kama vile hesabu ingebadilika kwa kugeuzwa.

Kila kichupa kilipungukiwa vinne. Saba mara nne ni ishirini na nane. Dozi kamili ya mtu mmoja.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kueleza upungufu. Mara zote tatu niliandika "vimepotea". Nilijua kwamba vidonge haviwezi kupotea kwa watu saba kwa idadi moja. Nilijua pia kwamba nikiandika kingine nitaulizwa, na nikiulizwa nitalazimika kujua.

Nilikuwa nimesomea takwimu. Baada ya chuo nilikaa nyumbani Tanga zaidi ya mwaka nikipeleka barua za kuomba kazi, mpaka mama akaanza kuwaambia majirani kwamba ninapumzika. Nilipopata kazi ya kukusanya taarifa katika utafiti wa dawa mpya ya maumivu ya mgongo, yale maumivu ya miaka, yasiyopona, niliipokea kama mtu aliyeokotwa. Nilipewa kishikwambi, kofia, na kambi moja ya zamani ya mkonge iliyo kati ya Muheza na bahari. Huko migongo mibovu ilikuwa mingi kuliko tulivyohitaji. Wazee wa watu wa huko waliletwa kutoka Njombe na Ruvuma kukata mkonge, na watoto wakaukata, na sasa watoto wale ni wazee, na karibu kila nyumba ina mtu anayeinuka kitandani kwa hatua tatu.

Utafiti ulikuwa hivi: nusu ya wagonjwa walipata dawa, na nusu walipata kidonge cha rangi na ukubwa uleule kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua kapata kipi. Hata sisi tuliokuwa tukiwauliza maswali hatukujua. Siri ilikuwa kwenye orodha iliyofungwa, mbali na sisi.

Kuwaeleza ilikuwa kazi yangu, na niliiogopa. Niliandaa maelezo usiku na mchana mpaka nikapata njia. Nilichukua njiti kumi na nne za kiberiti, nikavunja vichwa vya saba, nikazitia zote kwenye mfuko wa kitambaa. Pale barazani pa zahanati kila mtu akachomoa moja bila kuangalia, akaificha kiganjani.

"Mwenye kichwa kapata dawa," nikawaambia. "Asiye na kichwa kapata kidonge kitupu. Na hamruhusiwi kufungua kiganja mpaka miezi mitatu iishe."

Msemaji wao alikuwa bibi mmoja mjane, aliyeanika nyuzi za mkonge tangu usichana wake. Mgongo ulikuwa umempinda kiasi kwamba alimtazama mtu kwa chini, kwa pembeni, kama anayemchungulia.

"Kwa hiyo mimi naweza kupewa kitupu," akasema, "na jirani yangu huyu akapewa cha kweli."

"Ndiyo, bibi."

"Na sote tunaumwa."

"Ndiyo."

"Na nyinyi mnakaa mnatuangalia."

"Hata sisi hatutajua nani kapata nini, bibi. Ndiyo maana..."

"Hapo afadhali," akadakia jirani mwenyewe, mama wa Kidigo aliyeolewa pale kambini. "Maana mngejua mngeona haya."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Wakaomba nafasi wazungumze. Walikwenda nyuma ya zahanati, nikasikia sauti zao za chini, wakarudi wakakubali wote kwa pamoja, wakatia dole gumba kwenye fomu mmoja baada ya mwingine. Muuguzi wa utafiti, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, aliniambia tukiwa njiani, "Umeeleza vizuri sana. Hawa wameelewa kweli." Sifa ile niliishi nayo wiki nzima.

Siku ya kupimwa damu walikuja nane. Wa nane alikuwa mzee mkata mkonge, mrefu, mwenye mikono yenye makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko. Majibu yake yalirudi yakionyesha figo zimechoka. Alikuwa akila diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, kila siku kwa miaka, kama mwingine anavyokunywa chai. Dawa yetu hupita kwenye figo, kwa hiyo hakuruhusiwa. Mimi na muuguzi tulimwita pembeni, peke yake, kama inavyotakiwa.

"Sifai kwa kuwa ni mzima au kwa kuwa ni mgonjwa?" akauliza.

"Kwa kuwa ni mgonjwa, babu. Figo."

"Hospitali yenu ya ajabu. Mtu akizidi kuugua ndiyo anafukuzwa." Akaikunja barua ya kumpeleka hospitali, akaitia mfuko wa shati. "Baba yangu aliletwa huku manamba, na namba yake shingoni. Mimi hata namba nimenyimwa."

Tukaendelea na wale saba. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda na kishikwambi changu, na nilipotokea kona ya zahanati nilisikia mtu akisema, "Haya, kaja mtoto wa sifuri mpaka kumi." Hilo ndilo lilikuwa swali letu kubwa: sifuri ni kutoumwa kabisa, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyawaza, wewe uko wapi?

Nilipokuwa chuoni swali lile lingenipendeza. Mbele ya yule bibi lilinitia aibu.

"Nikikaa, au nikiinama?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Kwa jumla, bibi. Kwa siku saba zilizopita."

"Kwa jumla." Akafikiri. "Nikikaa sita. Nikiinama tisa. Nikikumbuka kwamba kesho nitainama tena, hapo sina namba. Andika unavyojua."

Niliandika nane. Niliifikiria ile nane njiani kote na nyumbani. Je, nilitakiwa kuandika saba na nusu? Kishikwambi kinakubali nusu? Je, yeye aliposema tisa alikuwa amewahi kuiona kumi? Mambo kama hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu wakati jambo lenyewe likipita mbele ya macho yangu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: wote saba walikuwa wakipata nafuu, na nafuu yao ilikuwa sawa. Bibi alishuka kutoka nane hadi tano na nusu. Jirani yake alishuka vivyo hivyo. Katika vijiji vingine wengine walishuka sana na wengine hawakushuka kabisa, kama mtu angetarajia. Kambi yangu ilishuka kama watu wanaoshuka ngazi wameshikana mikono.

Baada ya ule mzunguko wa tatu tarehe zetu zilisogezwa, ikabidi niwapelekee kadi mpya. Nilichagua Jumamosi, siku ambayo jumuiya yao ya sala hukutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, ili niwakute pamoja. Ilikuwa zamu ya bibi. Nilifika wakiwa kwenye sala za mwisho, nikamkuta yule mama wa Kidigo amekaa kizingitini nje, mtandio umemfunika mabega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa nami hapa. Mimi dini yangu nyingine, nasubiri amina yao ya mwisho."

"Unasubiri nini?"

"Fungu langu," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa.

Amina ikasikika. Nikaingia nyuma yake. Sakafuni kulikuwa na ungo uliotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vidonge vyetu, vyote, kilima kidogo. Vichupa saba vilipangwa ukutani vikiwa wazi. Bibi alikuwa amepiga magoti, akihesabu kwa midomo, akitenga mafungu. Yalikuwa manane. Na pale kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, miguu ameinyoosha, alikaa yule mzee tuliyemkataa.

"Karibu, mwanangu," akasema bibi bila kusimama. "Umetukuta kazini."

"Bibi, mnafanya nini?"

"Tunagawa."

"Lakini kila mtu ana kichupa chake! Kina namba yake!"

"Kichupa hatugawi." Akainua kimoja anionyeshe karatasi yake, kwa upole, kama anayemtoa mtoto hofu. "Kila mtu anarudi na chake, namba ileile. Tuko makini."

"Si ulituambia wewe mwenyewe?" akasema yule mama wa Kidigo akiketi. "Huyu kitupu, yule cha kweli, na hakuna ajuaye. Tukaona tukichanganya hakuna atakayekosa kabisa. Nusu ya dawa si dawa?"

"Na vile viwili mnavyorudisha?"

"Vinavyobaki," akasema bibi. "Tutakula vya watu? Sisi si wezi."

Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha ndiye aliyenieleza, maana aliona sielewi. Zamani shambani, alisema, kila mtu alikuwa na kadi yake ya kazi, kipande, na siku haikuwekwa alama mpaka utimize mafungu yako ya majani. Ukipungukiwa hata fungu moja, siku imekufa. Basi mtu akiamka mgongo umekataa, alikwenda hivyo hivyo akasimama kwenye mstari wake, na wenzake wa kulia na kushoto kila mmoja alimkatia mafungu mawili matatu, wakamtilia kwenye lundo lake. Mnyapara alikuta mafungu yametimia. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyeshukuru.

"Sasa hawa wananikatia," akasema.

Nilisimama na zile kadi mkononi. Nilitaka kusema jambo moja tu, kwamba figo zako, babu, na nikakumbuka kwamba majibu ya damu ni siri ya mgonjwa, hayasemwi mbele za watu. Nikamtazama. Naye akanitazama, kicheko kimemtoka usoni, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikagawa kadi, nikaaga. Bibi alinisindikiza mpaka njiani.

"Una nini? Umekuwa kama uliyeona nyoka."

"Nafikiri tu, bibi."

"Binti wewe, akili zako haziketi chini. Utazeeka kabla yetu."

Zikafuata wiki mbili ambazo siwezi kuzikumbuka bila kutaka kujificha.

Nilipofika nyumbani nilifungua kijitabu cha dawa nikasoma ukurasa wa figo mpaka nikaweza kuusema kwa moyo: kuvimba miguu, mkojo kupungua, kichefuchefu, acha dawa mara moja. Kisha nikaanza kazi yangu ya siku zote, ya kupima kila upande mpaka pande zote zikawa na uzito mmoja. Nikiripoti, wale saba wataondolewa kwenye utafiti siku hiyohiyo na vidonge vitakusanywa. Bibi ataanza tena kuamka kwa hatua tatu. Na mimi nimeandika "vimepotea" mara tatu, kwa hiyo nitaondoka nao. Nisiporipoti, yule mzee anaendelea kumeza.

Halafu kulikuwa na takwimu. Kwenye uchambuzi, kambi yangu ingeonyesha kwamba mwenye dawa na mwenye kitupu wamepata nafuu ileile, na nafuu ileile maana yake ni kwamba dawa haina kazi. Kama ile dawa ilimsaidia bibi kweli, sisi tungeandika kwamba haikumsaidia, kwa sababu ilikuwa imewasaidia wote. Na kama haikuwa dawa, kama ilikuwa ni ule ungo na zile sala na kule kukaa pamoja kila Jumamosi, hilo nalo hatungelijua. Watu wangeendelea kuumwa mahali pengine kwa sababu ya namba za kambi yangu. Niliwaza pia, kwa hasira iliyonishangaza, kwamba waliopanga utafiti ule hawakuwahi kukaa hata mchana mmoja kambini kuuliza mambo ya kawaida: nani anakula na nani, anayekataliwa atafanywa nini, kwa nini kambi nzima isipewe kidonge cha aina moja na kambi jirani cha aina nyingine. Lakini nilijua naitumia hasira hiyo kama mwamvuli. Mzee alikuwa anameza. Hayo mengine yangeweza kusubiri.

Wiki ile muuguzi alinipigia simu. "Kambi yako ndiyo safi kuliko zote," akaniambia. "Hakuna aliyeacha, hakuna malalamiko. Endelea hivyohivyo." Nilifungua mdomo. Nikasema asante.

Siku ya mzunguko wa nne nilipima wote saba, nikaandika namba zao, nikapokea vichupa vyao. Viwili viwili. Sikuandika chochote kwenye kisanduku. Nilikiacha kitupu, kama vile kuacha ni kitendo. Nilipokuwa nikifunga begi yule mama wa Kidigo akasema, "Mbona hujaenda kumwamkia babu? Miguu imemjaa. Anasema ni joto."

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye safu. Nilimkuta kitandani, amejiegemeza kwa mto, uso umevimba chini ya macho. Viatu vyake vya kandambili vilikuwa vimekatwa kamba kwa kisu ili vimwingie. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniambia nikae. Nikamwomba nimguse mguu. Nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Nilipoinua, shimo lilibaki pale, likiwa la kina, na halikujaa. Nililitazama muda mrefu.

"Unakojoa, babu?"

"Hayo ni maswali ya kumuuliza mzee?"

"Unakojoa?"

"Kidogo."

"Inabidi uache vile vidonge. Leo. Nilitakiwa kukuambia wiki mbili zilizopita."

"Uliniambia siku ya damu," akasema. "Mimi si kiziwi. Wao ndio niliowaambia mmenikataa kwa uzee, maana wangejua wasingenipa."

Akageuza uso kidogo kuelekea ukutani.

"Mjukuu wangu, sikiliza. Miaka sita sikulala chali. Nililala nimekaa, kama mtu anayesubiri basi. Sasa nalala. Nalala mpaka asubuhi, nasahau kwamba nina mgongo. Kufa nakujua, nimewazika wengi hapa. Kulala ndiko nilikokuwa nimekusahau. Niachie huu mwezi tu, uishe. Usiniseme."

"Babu, siwezi."

"Huwezi, au unafikiria?"

"Nafikiria."

"Basi fikiria taratibu," akasema, na akafumba macho, na nikaona kwamba alikuwa ananifanyia mzaha na ananiomba kwa wakati mmoja.

Mtandao pale kambini ulipatikana kwenye tangi la maji tu. Nilikwenda nikasimama pale, nikampigia muuguzi. Nikamwambia kuna mzee amevimba miguu, hana mkojo, naomba gari. Akauliza kama ni mgonjwa wetu. Nikasema hapana. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko yote niliyokuwa nimeandika.

Nikisubiri gari nilikwenda kwa bibi. Alikuwa na vichupa vipya saba mbele yake tayari, amevikusanya kwa ajili ya Jumamosi.

"Babu anapelekwa hospitali," nikasema. "Ni figo. Zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Ndiyo maana tulimkataa. Dawa hii inaziua zaidi."

Nilisikia sauti yangu ikitoa siri ya mgonjwa, na kwa mara ya kwanza sikujali kanuni inasemaje.

Mikono ya bibi ilikuwa juu ya vile vichupa.

"Alituambia ni uzee."

"Najua."

"Fungu lake nilikuwa nalihesabu mimi. Na vikivunjika nilimpa vizima, nikachukua vipande." Akanitazama kwa ile pembeni yake. "Wewe ulikuja hapa ukatukuta. Ukaona mafungu manane. Ukaondoka."

"Ndiyo, bibi."

"Ungesema hata neno moja. Hata ungesema tu, huyu asipewe. Tungekuuliza kwa nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika wiki mbili za kupima kila kitu, sikuwahi kuwaza kwamba ningeweza kusema sentensi moja mlangoni na wangenisikiliza. Nilikuwa nimejiwekea mambo mawili tu, kuripoti na kunyamaza, nikayazungukia kama ng'ombe wa kinu. Bibi alivisukuma vile vichupa mbele yangu, vyote saba, akainuka kwa hatua tatu, akaingia ndani.

Gari lilikuja na muuguzi ndani yake. Tulimbeba mzee tukisaidiwa na vijana wawili wa jirani, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Njia nzima mpaka mjini hakulalamika. Mara moja tu, kwenye mashimo, alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Ule mgongo.

Pale mapokezi, daktari kijana, labda mwenzangu kwa umri, alimpima miguu kwa kidole gumba kama nilivyompima, akaacha shimo kama nililoacha.

"Mzee, umetumia dawa gani siku za karibuni?"

"Diklofenaki," akasema. "Na mizizi kidogo. Basi."

Alisema hivyo akimtazama daktari, kisha akanitazama mimi. Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananikatia. Alikuwa ananitilia mafungu yake kwenye lundo langu ili mnyapara akute yametimia, mimi nibaki na kazi, na bibi abaki na vidonge, na yeye abebe peke yake yaliyopungua. Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Daktari aliandika "diklofenaki, mitishamba" na kuanza kugeuza karatasi.

Mzee hakutoka hospitali ile kwa miguu yake, na mpaka leo hakuna anayeweza kuniambia kilichomuua ni vidonge vyetu, au ni vile vya dukani vya miaka yote ile, au ni vyote kwa pamoja. Siku hiyo sikujua hayo. Nilijua tu kwamba karatasi inageuzwa.

"Daktari," nikasema, "si kweli. Amemeza dawa ya utafiti, vidonge viwili kwa siku, kwa wiki nane. Vimechanganywa na vidonge vitupu kutoka vichupa saba. Mimi nimejua kwa hakika kwa wiki mbili, na kabla ya hapo nilikuwa na shaka nikaandika kwamba vimepotea."

Mzee akafumba macho. Muuguzi akasema jina langu, polepole, kama anayeniuliza kama ni mimi.

Niliomba karatasi. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikaandika yote kuanzia zile njiti za kiberiti: mzunguko kwa mzunguko, nilichoona, nilichoandika badala yake, na yale maswali ambayo hakuna aliyewauliza wale watu kabla ya kuwapa vichupa. Mwishoni niliomba orodha ya siri ifunguliwe kwa vichupa vyote saba, jioni ileile, ili daktari ajue ni vingapi vilikuwa na dawa na mzee amebeba kiasi gani mwilini. Nilijua maana ya ombi hilo. Siri ikifunguliwa, wale saba hawarudi tena kwenye utafiti, na hawatapata kidonge kingine, na bibi atajua ni kwa mkono wangu. Nilisoma karatasi mara moja tu. Nikaweka sahihi, nikampa muuguzi, na nikasimama karibu naye mpaka alipopiga simu.